Je, pesa unazotuma nyumbani hulala wapi?

Na MWANDISHI WETU

MWISHO wa mwezi ukifika, msomaji, bila shaka nawe ni mmoja wa wale wanaobonyeza simu kutuma chochote nyumbani. Mama anahitaji dawa. Ndugu mdogo amerudishwa kwa sababu ya karo. Mvua inakaribia na mbegu hazijanunuliwa. Unatuma Sh2,000, ujumbe wa kuthibitisha unaingia, na moyo wako unatulia kwa kuwa umetimiza wajibu.

Lakini je, umewahi kujiuliza pesa hizo hulala wapi usiku wa siku hiyo?

Hebu tuzifuate. Mama anazitoa kwa wakala pale sokoni, kisha anaingia dukani kununua unga wa pakiti, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Unga huo ulisagwa mjini, sabuni ilitengenezwa mjini, na mafuta yaliingia nchini kwa meli. Mwenye duka naye anahesabu mauzo yake na kutuma malipo kwa muuzaji wa jumla, aliye mjini vilevile, ili aletewe bidhaa nyingine. Jua likichwa, sehemu kubwa ya zile Sh2,000 imekwisha kurudi ilikotoka. Kijijini ilipita tu, mithili ya mgeni aliyekataa hata kuketi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shida ya vijiji vyetu vingi leo si kwamba mgeni huyu haji. Anakuja kila mwisho wa mwezi, tena kwa kasi ya umeme. Shida ni kwamba hafikishi siku ya tatu, ndiposa hakuna anayepata nafasi ya kumpa jembe.

Leo tutatupia jicho sehemu mbili za nchi yetu, Siaya na Kwale, ambako simu ya mkono imetumiwa kwa njia zinazotufunza jambo moja kubwa. Kijiji hufufuka pesa zinapozunguka ndani yake. Na simu peke yake haiwezi kuzizungusha. Kazi hiyo ni ya watu waliokwisha kuaminiana.

Barabara ya kwenda na kurudi

Wenye umri wa makamo watakumbuka mambo yalivyokuwa kabla ya 2007. Pesa za nyumbani zilitiwa ndani ya bahasha na kukabidhiwa dereva wa basi, au jirani aliyekuwa akienda likizo. Wengine walitumia Posta, na mzazi akalazimika kusafiri hadi mji wa karibu na kupiga foleni. Bahasha nyingi zilifika. Nyingine zilifika zikiwa nyepesi kuliko zilivyoondoka.

Mnamo Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilizindua huduma ya M-Pesa, na matangazo yake ya kwanza yaliwalenga watu kama wewe, walio mjini na jamaa zao mashambani. Kabla ya mwaka huo kwisha, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamejisajili.

Faida yake haina ubishi. Mwaka wa 2016 wataalamu wawili wa uchumi, Tavneet Suri na William Jack, walichapisha utafiti katika jarida la Science. Walikadiria kuwa huduma hiyo ilikuwa imeziondoa familia zipatazo 194,000 katika umaskini, yaani kiasi cha asilimia mbili ya familia zote nchini. Waliofaidika zaidi ni familia zinazoongozwa na wanawake. Aidha, walikadiria kwamba wanawake wapatao 185,000 waliifanya biashara kuwa kazi yao kuu badala ya kilimo cha kujikimu.

Hata hivyo, barabara inayoleta wageni ndiyo hiyo hiyo inayowaondoa. Kupitia simu hiyo hiyo, kijana aliye kijijini huweka Sh100 kwenye kamari ya kandanda kila Jumamosi, nazo zikatoka kijijini zisirudi. Kupitia simu hiyo hiyo, mkulima hukopa Sh1,000 usiku, na mavuno yakija riba ndiyo huwa ya kwanza kula. Mikopo ya aina hii ilienea kiholela hivi kwamba mwaka wa 2021 ilipitishwa sheria ya kuipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka ya kuwapa leseni na kuwadhibiti wakopeshaji wa dijitali.

Kwa hivyo, tusiipambe simu kwa sifa isizostahili. Simu ni mfereji. Mfereji haujui kama unapeleka maji shambani au unayaondoa. Anayejua ni yule aliyeuchimba na yule anayeufungua.

Siaya: pesa zilipokaa

Twende basi Siaya, tuone kilichotokea maji yalipofika shambani kwa wingi.

Kati ya 2014 na 2017, shirika la GiveDirectly liliwapa wakaazi maskini wa vijiji vya kaunti hiyo pesa bila masharti yoyote, kupitia simu. Waliochaguliwa ni wale walioishi katika nyumba zilizoezekwa kwa nyasi. Zaidi ya familia 10,500 zilipata kiasi cha Sh87,000 kila moja, ambazo wakati huo zilikuwa takriban dola 1,000 za Marekani. Watafiti, akiwemo Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, walivifuatilia vijiji 653, vingine vikiwa vimepata pesa hizo na vingine havikupata.

Huenda nawe ungetabiri walivyotabiri wengi: kwamba bei za bidhaa zingepaa, na kwamba jirani ambaye hakupewa kitu angebaki akitazama tu. Mambo hayakuwa hivyo. Bei zilipanda kwa kiwango kidogo mno, kisichofika hata asilimia moja. Na wale ambao hawakupata senti moja kutoka kwa shirika hilo nao walianza kutumia pesa zaidi kuliko awali.

Zilitoka wapi? Zilitoka kwa majirani. Aliyepewa Sh87,000 alitaka kuezeka mabati, na fundi wa kijijini akapata kibarua. Fundi akanunua samaki na mboga kwa mama wa sokoni. Mama wa sokoni akalipa mshonaji, mshonaji akalipa kinyozi. Watafiti hao walikadiria kuwa kila dola moja iliyoingia ilizaa shughuli za uchumi za thamani ya dola mbili na nusu hivi katika eneo hilo. Matokeo hayo yalichapishwa rasmi mwaka wa 2022.

Lisome tena jambo hilo, msomaji, kwa kuwa ndilo kiini cha makala haya. Shilingi haina thamani moja. Ikipita mkono mmoja na kuondoka, ni shilingi. Ikipita mikono mitatu kabla ya kuondoka, imefanya kazi ya shilingi tatu. Na haikuhitaji kuongezwa hata senti.

Lakini utasema, na ni haki yako kusema, kwamba Siaya walipata mfadhili. Je, kijiji kisicho na mfadhili kifanye nini? Kifanye nini hasa miezi ile ambayo hata zile Sh2,000 zako hazifiki?

Mweria ndani ya simu

Ukitoka Mombasa na kuipa bahari kisogo, utafika Kinango katika Kaunti ya Kwale. Hii si Pwani ya hoteli za watalii. Ni nchi kame ya Waduruma, ambako mahindi hunyauka mara kwa mara na pesa taslimu huadimika.

Tuseme mama mmoja hapa ana maziwa ya mbuzi asiyo na wa kumuuzia. Jirani yake ni fundi aliye na misumeno na mikono miwili, hana kazi. Wa tatu ana kunde ghalani na mlango wa ghala lake umeoza. Kila mmoja anamhitaji mwenziwe, lakini hakuna aliye na shilingi ya kuanzisha mambo. Kazi ipo, bidhaa zipo, mahitaji yapo, na bado wote watatu wanalala njaa kwa sababu kinachokosekana ni kitu cha kuviunganisha.

Wazee wa Kimijikenda walikuwa na jawabu, nalo liliitwa mweria. Watu walikusanyika kulima shamba la mmoja leo, kesho wakahamia la mwingine, hadi mashamba yote yakaisha. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio. Hakuna aliyelipwa pesa, lakini pia hakuna aliyefanya kazi bure, maana deni la kila mtu lilikuwa limeandikwa vichwani mwa wenzake.

Je, hesabu hiyo ikitolewa vichwani na kuwekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuiona? Hapo ndipo ubunifu ulipoanzia.

Mbegu yenyewe ilipandwa Mei 2013 katika mtaa wa mabanda wa Bangladesh mjini Mombasa. Wafanyabiashara wadogo zaidi ya 100, wakishirikiana na Mmarekani William Ruddick, msomi wa fizikia, walianza kutumia vocha za karatasi walizoziita Bangla-Pesa. Aliyetaka kujiunga alihitaji kudhaminiwa na wenzake. Mchuuzi wa maji akikosa shilingi alimlipa muuza mboga kwa vocha, naye muuza mboga akaitumia kwa mshonaji, na kadhalika. Shilingi halisi ziliwekwa kwa mahitaji yanayotoka nje ya mtaa.

Wiki chache tu baadaye, polisi waliingia. Watu sita, Ruddick akiwa mmoja wao, walifikishwa mahakamani kwa madai ya kuwa na karatasi zinazofanana na pesa. Uvumi ukaenea hata kwamba vocha hizo ni za kundi lililotaka Pwani ijitenge! Watu waliokuwa wakibadilishana sukuma wiki na maji walijikuta wakitazamwa kama maadui wa taifa. Mnamo Agosti mwaka huo huo mashtaka yaliondolewa, na vocha zikarudi sokoni.

Kwa hakika hofu hiyo ya wakubwa si mpya duniani. Mwaka wa 1932, ulimwengu ukiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, meya wa mji mdogo wa Wörgl nchini Austria, Michael Unterguggenberger, alitoa noti za mji wake. Noti hizo zilipoteza asilimia moja ya thamani kila mwezi, kwa hivyo hakuna aliyetaka kuzificha chini ya godoro. Zilizunguka mbio, barabara zikatengenezwa na daraja likajengwa. Mwaka uliofuata benki kuu ya Austria iliupiga marufuku mpango huo.

Bangla-Pesa ilikuwa na bahati njema zaidi. Shirika la Grassroots Economics, lililoanzishwa na Ruddick, liliupeleka mpango huo katika mitaa mingine na vijijini, na kufikia mwaka wa 2018 vocha zilikuwa zimeanza kuhamia kwenye simu kwa jina la Sarafu. Haikuhitaji simu ya bei ghali wala intaneti. Hata ile tuiitayo mulika mwizi ilitosha. Mtu alibonyeza nyota na tarakimu chache, kama afanyavyo anapotazama salio lake, akamlipa jirani.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona mwaka wa 2020. Vibarua vya mjini vilisimama, na wengi wenu mnakumbuka jinsi ilivyokuwa vigumu kutuma chochote nyumbani. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021, watu wapatao 40,000 walitumia Sarafu, na malipo zaidi ya 400,000 yakaandikwa. Kinango ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoitumia sana. Katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilishirikiana na mpango huo.

Watafiti waliochambua kumbukumbu za malipo hayo, bila majina ya wenyewe, waligundua jambo la kuzingatiwa. Sehemu kubwa ya mzunguko ilikuwa ya karibu, miongoni mwa watu wa eneo moja. Na waliokuwa kama vitovu vya mzunguko huo hawakuwa mabingwa wa tarakilishi. Miongoni mwao walikuwamo viongozi wa dini na vyama vya akiba.

Naam, vyama! Vile vile ambavyo mama zetu wamekuwa wakiviendesha chini ya mwembe kwa daftari na kalamu. Mitambo ilikuwa mipya lakini uaminifu ulikuwa wa zamani. Pale ambapo watu walikuwa wamezoea kudaiana na kulipana, simu ilipata kitu cha kubeba.

Si dawa ya kila ugonjwa

Nisikudanganye kwamba Sarafu ilimaliza shida za Kinango. Vocha hainunui sukari Mombasa. Mwenye duka la kijijini akipokea vocha nyingi kuliko anazoweza kuzitumia hapo hapo, rafu zake hubaki tupu, na asipokuwa mwangalifu ataliona duka lake likifungwa kwa wema wake. Vocha hailipi hospitali ya rufaa wala ada ya mtihani. Na kikundi kikitoa vocha nyingi kuliko kazi na bidhaa kilizo nazo, zinageuka kuwa ahadi tupu, na ahadi tupu huvunja ujirani kuliko umaskini wenyewe.

Ndiposa mpango wenyewe ulibadilishwa. Badala ya sarafu moja kwa wote, vikundi vilianza kutoa vocha zao wenyewe, kila kikundi kikitaja ni kazi gani na bidhaa gani kitatoa mtu akizileta. Kwa maneno mengine, walirudi karibu zaidi na mweria: uahidi tu unachoweza kutenda, mbele ya watu wanaojua unapoishi.

Wewe na kijiji chako

Yote haya yanakuhusu vipi, wewe uliye Umoja, Kisauni au Kondele, na kijiji chako kiko mbali na Kwale? Huhitaji vocha ili ufanye hesabu ile ile ya Siaya. Unahitaji kuuliza maswali machache kabla ya kutuma.

Kwanza, uliza ni kitu gani nyumbani kinanunuliwa kutoka nje ilhali kipo, au kingeweza kuwepo, pale pale. Unga wa pakiti unapita mlangoni pa mwenye kinu cha kusaga. Sare za shule zinaletwa kutoka mjini na fundi cherehani wa kijijini ameweka mkono shavuni. Sisemi umnyime mama sukari yake. Pesa ukishampa ni zake. Nasema mwulize, maana mara nyingi yeye ndiye anayejua ni jirani gani ana mayai.

Pili, tazama harusi na matanga yetu. Tunakodi hema mjini, tunabeba mikate, soda na hata viazi kutoka mjini, tunakula kijijini kwa siku mbili na kuondoka, tukiacha nyuma karatasi za plastiki. Laki mbili zimetumika katika boma moja na jirani mwenye mbuzi hakuuza hata mmoja. Mkutano wa kwanza wa maandalizi ungeweza kuanza kwa kuorodhesha kile ambacho kijiji chenyewe kinaweza kuuza.

Tatu, ikiwa unachanga pamoja na wenzako wa kwenu kupitia vikundi vya simu, changeni kwa kitu kinachozunguka. Mchango wa mara moja huisha. Mchango unaoingia katika chama cha kijijini chenye kanuni, daftari na watia sahihi watatu unaweza kumkopesha fundi mwaka huu na muuza kuku mwakani. Lakini msikigeuze kuwa mali ya walio mjini. Chama ambacho mweka hazina wake anaishi maili 300 kutoka sokoni hakikawii kufa.

Nawe mwanafunzi uliye likizoni, kazi yako ipo. Mfundishe nyanya kuificha nambari yake ya siri na kuwatambua matapeli wanaopiga simu wakidai wametuma pesa kimakosa. Kiandikie chama hesabu safi. Kisha nyamaza uwasikilize wanachama, kwa maana wanajua ni nani hulipa na ni nani husahau, na elimu hiyo haimo katika programu yoyote.

Vijiji vyetu havikosi watu wenye akili wala mikono ya kufanya kazi. Vinakosa shilingi inayokubali kukaa siku ya tatu. Kwa hivyo, mwisho wa mwezi huu, kabla hujabonyeza tarakimu ya mwisho, piga simu kwanza. Wasalimie, waulize habari za mvua na za ng'ombe. Kisha uliza swali moja zaidi: fundi wa hapo kwetu, ana kazi?